Sori ya Wanyonyi

Kuna siku moja, mwanangu, nikiikumbuka mwili bado unashtuka.

Nilikuwa msichana, nimeachia shule darasa la sita, nafanya kibarua cha kupukuchua mahindi kwa shamba moja nje ya Kitale. Mashine ilivutwa na trekta, na dereva alikuwa Wanyonyi, binamu yangu. Namtaja kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kujitaja. Kawaida ya kazi ni hii: magunzi yakikwama, dereva anazima, mtu anaingiza mkono kuyatoa, na trekta haiwashwi mpaka huyo mtu aite, "Tayari!" Siku hiyo yalikwama. Nikaingiza mkono. Sikuwa nimeita chochote. Wanyonyi aliona mvua inakuja, akawasha.

Angalia huu mkono wa kulia. Vidole viwili ndivyo vilivyobaki.

"Woi! Sori, sori!" akasema. Wanawake wa kushona magunia nao wakasema sori. Muuguzi, sori. Si unajua kwetu ukijikwaa tu, mtu wa ng'ambo ya barabara anakwambia sori, na si yeye aliweka jiwe. Basi sori ya Wanyonyi ikaingia katikati ya hizo zingine, ikajificha. Kutoka hospitali, nasikia anaambia watu sokoni ati ni mimi nilicheza na mashine. Hapo nilishtuka kuliko siku ya damu. Nani angeniandika kazi tena, msichana wa vidole viwili na jina la uzembe?

Baadaye akaja nyumbani Kamukuywa na jogoo mkubwa, ili tule tuyamalize. Kukhu, bibi yetu sisi wote wawili, alimpenda sana huyo kijana. Nikajua atamchinja huyo jogoo na maneno yaishe.

"Umekuja kusema nini, mjukuu wangu?"

"Kukhu, si nimekuja kusema sori."

"Hiyo hata mimi nilimwambia huyu, na sikuwa huko. Sema ulifanya nini."

"Aki Kukhu, ilikuwa ajali bana. Mashine ni mashine."

"Ati ilijiwasha?"

Shangazi yangu, aliyekuwa ameketi nasi, akacheka kwa pua. Wanyonyi akaangalia viatu vyake. "Sori, Kukhu."

Kukhu akamwinua jogoo, akamrudishia mikononi. "Rudi naye. Hapa hatuchinji kama mtu amefunga mdomo."

Niliduwaa. Kwetu mgeni kuondoka na jogoo wake akiwa hai ni aibu, ni kukataliwa! Alipita naye katikati ya soko mchana kweupe, na kutoka siku hiyo hakuna mtu aliniuliza tena nani alikosea. Msimu uliofuata nikaitwa kazi. Lakini yeye hajasema mpaka leo, na mimi sijalainika.

Juzi mwalimu mmoja kanisani alinieleza ati hilo neno sori la Kizungu lilitoka kwa neno la uchungu, uchungu wa kidonda. Kitu kikiharibika kabisa, ati wanasema kiko katika hali ya sori. Kumbe wenyewe walilitoa mahali panapouma, na Wanyonyi alilisema kama mtu anayepiga chafya!

Kwa hivyo mwanangu, ukimuumiza mtu, usikimbilie sori. Nenda kwake, simama mbele yake, useme: ni mimi, nilifanya hivi na hivi. Ukishamaliza hayo, sasa omba.

Mungu akuepushe na watu wenye haraka. Na siku ambayo mwenye haraka utakuwa wewe, akupe moyo wa kusema, "Ni mimi."