Mkono wa Sweta

Nikifungua chupa ya maji ya kisima hapa maabara, harufu yake ya chuma hunirudisha kwenye ploti yetu ya nyumba za kupanga kule Mwihoko. Viganja vya msichana wa nyumba ya pili vilikuwa vigumu, vimejaa vinundu. Kanisani, watoto tulipoambiwa tushikane mikono tuombe, nilivuta mkono wa sweta ufunike kiganja kwanza, ndipo nikamshika.

"Utaniambukiza," nikamwambia.

"Si tunakunywa maji ya kisima kimoja?" akauliza. "Mbona wewe huna?"

Wenzetu wakacheka, nami nikacheka nao.

Siku hizi natafuta katika damu za watu kwa nini arseniki, sumu ya maji ya visima vingine inayotoa vinundu viganjani, humdhuru mmoja na kumwacha mwingine. Nikiulizwa nani alinipa swali hilo, mimi husema ni profesa wangu.