Ng'ombe Aliyefutwa

Macho ya baba yalipoanza kuingia ukungu, hakuhofia kujikwaa. Alihofia ng'ombe wake kubaki kundi tu. Yeye anamjua kila mmoja kwa mama yake na bibi yake. Sisi watoto tunajua kunywa maziwa tu. Kwa kiburi cha mtu anayetengeneza kompyuta pale Shanwe, nikasema hilo nitalimaliza Jumamosi moja.

Nikaenda kwake Kasansa na laptop. Yeye anataja, mimi nafungua folda: kila jike na folda yake, ndama wake ndani ya folda ya mama. Kisha nikaandika amri moja fupi, tree, yaani mti, na ukoo wote ukateremka kwenye kioo, matawi chini ya matawi. Baba akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa. Kusoma hajui sana, lakini matawi aliyaona.

"Ehee, hapo mmekaa sawa," akawaambia ng'ombe, si mimi.

Tangu hapo kila nikienda namsomea, naye anaguna kukubali.

Masika yaliyopita jike mmoja wa madoa alikufa. Nikamfuta kwenye laptop kwa amri nyingine fupi, nikajiona mtunza kumbukumbu hodari. Jumapili nikawa namsomea baba, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Mayu," akaniita, yaani mama, "watoto wa madoa wako wapi?"

Nikatazama. Kumbe kumfuta mama kulifuta kila aliyekuwa ndani yake, watoto, wajukuu na vitukuu, na nakala sikuwa nayo. Wenyewe walikuwa nje wanakula majani yao bila habari. Lakini nani angewatambua tena? Wakati huo baba alishabakiwa na giza tupu. Niliona aibu, nikaomba msamaha kama mtoto.

Hakufoka. Akavuta kigoda, akaanza upya kutaja, wengine akiwakumbuka kwa mvua iliyonyesha siku waliyozaliwa. Nilitaka kuanza na ndama walio hai, akakataa.

"Anza na mama yao. Kufa amekufa, lakini hafutwi. Si wote wamo ndani yake?"

Tulimaliza wakati ng'ombe wanarudi zizini. Akacheka kile kicheko chake cha kukohoa.

"Na mimi siku nikiondoka, mayu, usije ukanifanya hivyo. Nyie wote mmo humu."

Akajipiga kifuani. Nikageuza uso haraka asione ninavyolia. Nilikuwa nimesahau kwamba hanioni.