Sauti ya Mdogo Wangu Niliyoiita Bati

Katika kituo chao cha redio kila mtu alimwita Dada Mkubwa, ingawa ukubwa wenyewe ulikuwa kwa mtu mmoja tu: mdogo wake, mpiga tarumbeta.

Tarumbeta lilikuwa la baba yao. Dada Mkubwa ndiye aliyeanza kulipuliza, akiwa na miaka kumi na miwili, mpaka pumu ikamlaza hospitali na daktari akapiga marufuku. Likaenda kwa mdogo mtu. "Wewe utabaki kuwa masikio yake," baba alimwambia, akidhani amemliwaza.

Masikio hayo ndiyo yaliyompa kazi. Katika kipindi chake cha asubuhi alieleza muziki hadi watu wakachelewa kushuka kwenye magari. Tarumbeta lililozibwa mdomo, alisema, linanong'ona kama jirani anayesengenya mlangoni. Likipanda juu, linapenya kama sindano kwenye jinzi. Wasikilizaji walimsifu. Lakini sebuleni kwa mama, picha iliyotundikwa ukutani ilikuwa ya mdogo mtu, mashavu yamevimba, tarumbeta juu.

Siku bendi ya mdogo wake iliporekodi wimbo wa kwanza, waliuleta kwenye kipindi hichohicho. Tarumbeta lilianza chini, la mviringo, lenye joto kama pumzi unayoipulizia viganja asubuhi ya baridi. Kisha likapanda taratibu bila kukwaruza. Fundi mitambo alijishika kichwa. "Dada Mkubwa, huyu mdogo wako anaua!"

Maneno yote alikuwa nayo, yamejipanga ulimini. Taa nyekundu ikawaka, akasema, "Mmesikia tarumbeta hilo? Kama bati linaburutwa kwenye sementi." Akaendelea na habari za foleni barabarani. Fundi mitambo alimkodolea macho kupitia kioo.

Mchana mama akapiga simu. "Umemfanyia nini mwenzio?"

"Mama, mimi kazi yangu ni kusema ninachosikia."

"Basi leo hukusikia kitu."

Jumamosi alikwenda kwenye onyesho la bendi, akakaa safu ya nyuma. Mdogo wake alipopanda jukwaani, wahuni fulani wakapaza sauti: "Bati! Bati!" Noti ya kwanza ikapasuka, ikatoka kama jogoo aliyekabwa. Moyo wa Dada Mkubwa ukaruka kwa furaha. Ndiyo, furaha, hata yeye mwenyewe alishtuka. Kisha akamwona mdogo wake akifuta na kufuta tena mdomo wa tarumbeta kwa upindo wa shati. Akapiga hadi mwisho, kwa sauti ya mtu anayetembea gizani akipapasa ukuta.

Dada Mkubwa alimkuta chumba cha nyuma, ameketi juu ya sanduku la spika.

"Dada, niambie ukweli. Ni bati kweli? Kama ni bati, nitafanya mazoezi zaidi."

Afadhali angemtukana. "Si bati," Dada Mkubwa akasema. "Sijawahi kusikia sauti nzuri vile. Ni kijiba cha roho tu, mdogo wangu. Kimenikaa tangu utotoni."

Mdogo mtu akainuka kwenye sanduku. "Hayo kayaseme hewani. Huku nyuma unaniambia mimi na haya maspika."

Jumatatu akayasema. Aliupiga tena wimbo ule, akaeleza viganja, pumzi na joto lake, akakiri kwamba mara ya kwanza alidanganya kwa wivu. Bosi akampa barua ya onyo. Mama hakupiga simu, ila Jumapili alimwekea kiti karibu naye mezani.

Jina la Bati halikufutika. Hadi leo wapo wanaomwita hivyo mdogo mtu barabarani, naye haitiki. Akiwa na wimbo mpya humpigia dada yake kwanza, humsikiliza, hubishana naye. Na ukumbi ukisimama kumshangilia, Dada Mkubwa husimama pia. Roho humuuma, lakini hupiga makofi hadi mwisho.