Mkorosho wa Mdogo Wangu

Mama alipotugawia shamba, mdogo wangu alipata mikorosho minane, mimi kumi na miwili. Nilifurahi kimoyomoyo. Sikujua kwamba mmoja katika ile minane utanitesa.

Kila msimu wa maua, ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, ulituvamia, maua yakapauka kama yaliyonyunyiziwa unga wa muhogo, yakakauka. Tukichelewa kupuliza dawa ya salfa, tunaambulia patupu. Lakini mti wake mmoja, wa mpakani, ulizaa hata bila salfa. Niliuonea wivu mti ule kuliko nilivyowahi kumwonea mke mwenzangu, na mke mwenzangu nilimwonea haswa.

Ningeweza kumwomba vikonyo, yale matawi machanga, nikayabebesha kwenye miche yangu, yaungane nayo yazae kama mti ule, kama wanavyofanya wenzetu wa Nanyamba. Lakini nimwombe mtoto niliyembeba mgongoni? Nilikwenda kumsaidia kuokota, nikafunga korosho ishirini za mti ule kwenye pindo la kanga. Nikazipanda nyuma ya nyumba, nikangoja mikorosho ishirini kama wake.

Thubutu! Mmoja ulitambaa chini, mwingine ukapaa juu. Huu mabibo mekundu, ule ya manjano. Ubwiri ulipofika, maua ya mingi yalikauka, ya michache yakapona nusu, na ya mti mmoja hayakuguswa kabisa.

Mtaalamu wa kilimo aliyetoka Naliendele alicheka nilipomlalamikia.

"Mama, korosho ni mtoto. Mama yake ni mti ule, lakini baba ni mti wowote ambao mdudu alibeba chavua yake. Wanao wanafanana wote?"

"Hata kidogo."

"Basi. Kila mche unakuja na lake. Ugonjwa unachagua, anayepona ndiye anayezaa. Ikienda hivyo vizazi na vizazi, viumbe vinabadilika, mpaka vingine vinakuwa aina nyingine kabisa."

"Na ubwiri wenyewe?"

"Nao una watoto, nao hawafanani. Mti unaoushinda leo, kesho atazaliwa ubwiri wa kuuweza."

Nilimwandalia chai kwa furaha. Tangu siku hiyo, kila maua yalipotoka nilikwenda mpakani kuutazama mti wa mdogo wangu, nikimngoja huyo ubwiri mpya. Astaghfirullah, nilimngoja kama mgeni wa Idi.

Mwaka jana alifika. Maua ya mti ule yalikauka yote, na ndio uliokuwa ukimlisha mdogo wangu na wanawe tangu mumewe afariki. Asubuhi moja ya msimu wa mabibo alinikuta jikoni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Alikuwa amepitia nyuma ya nyumba. Mabibo ya mti wake yana shingo iliyopinda, na ya mti wangu uliopona vilevile. Aliyatambua, najua aliyatambua. Hakuuliza mbegu ilitoka wapi.

"Dada, ule wako umepona. Nikatie vikonyo viwili tu, nikabebeshe."

Nikamwambia sina kisu. Nilikuwa nimekishika mkononi, namenya muhogo.