Mia Nane kwa Kompyuta Nzima

Jambo lote liligharimu shilingi mia nane, na si mimi niliyezilipa. Mimi nilizipokea. Nilizihesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu: noti ya mia tano, ya mia mbili na ya mia moja. Kwa noti hizo tatu nilimpoteza mtu pekee aliyekuwa akinipigia simu siku zisizo za sikukuu. Nitaeleza, ila kazi ya fundi haielezeki kuanzia katikati, kwa hiyo nivumilieni nirudi siku ya kwanza.

Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Ilikuwa katika kiwanda cha sukari upande wa Mumias, karakana ya mitambo ya ofisi. Taipureta zilikuwa nyingi. Kompyuta zilikuwa mbili tu, zikikaa katika chumba chenye pazia na zulia, mahali ambapo sisi wenye viatu vya udongo hatukuruhusiwa. Mkuu wa Karakana alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe na bisibisi sikioni. Nilimwambia, "Habari ya asubuhi, mzee." Akanijibu, "Waaleikum salaam," akanionyesha sakafu.

Sakafu ile haikuisha. Vumbi la makapi ya miwa lilipenya kila tundu, na likikutana na ile hewa tamu ya molasi hugeuka gundi. Linakwamisha feni, kile kipepeo kinachopoza mashine, na mashine ikishindwa kupumua huzimika. Nilikuwa bado na ufagio mkononi kompyuta ya Mhasibu Mkuu ilipokataa kuwaka, na ilikuwa siku ya malipo, wakulima wa miwa wamejaa nje. Nikakimbilia bisibisi.

"Weka chini," Mkuu akasema. "Wewe humpasuanga mgonjwa kabla ya kumwuliza kama amekula?"

"Hapana, mzee."

"Basi anza ukutani."

Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo ninavyowafundisha ninyi. Anza ukutani: soketi ina umeme? Chomeka taa uone. Halafu waya: umeshika pande zote mbili? Halafu swichi ya nyuma, ile ndogo iliyo mgongoni mwa kasha, ambayo wengi hawajui kwamba ipo. Ukibonyeza kitufe cha mbele, sikiliza feni. Feni ikinyamaza, mashine haina umeme. Ikizunguka na mashine ikalia mlio mmoja mmoja, ina umeme ila haina fahamu. Chomoa vijiti vya kumbukumbu, vijana huviita ramu, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha. Ikiwa yote yako sawa na kioo ni cheusi, basi haina uso tu, na tatizo liko kwenye skrini. Kasha hufunguliwa mwisho. Na ukilifungua, hesabu skrubu zinazotoka, kisha hesabu zinazorudi.

Siku ile tatizo lilikuwa ukutani. Mtu alikuwa amechomoa waya ili achemshe maji ya chai. Mhasibu Mkuu hakusema ni nani, lakini kikombe kilikuwa mezani kwake.

Baadaye nilihamia serikalini, Kakamega mjini. Mkuu wa Idara alikuwa mtu wa fomu. Hata mjusi aliyefia ndani ya mashine alitaka apewe nambari. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vituoni, na nilichokizoea zaidi ni kituo cha misitu cha Isecheno, katikati ya msitu. Kule unyevu hula mashine polepole. Sisimizi huhamia ndani kufuata joto. Tulikuwa tukiiweka kompyuta kabatini pamoja na balbu inayowaka mchana kutwa, kama vifaranga.

Afisa Msimamizi wa kituo aliishi peke yake; familia yake ilikuwa mbali. Alikuwa akiniita mara kwa mara: mashine imekataa. Ninafika, ninaanza ukutani, na kabla sijafika kwenye kasha mashine inawaka. Siku moja nikamwambia, "Afande, hii haina ubaya wowote."

Alikuwa ameshapanga kete za drafti mezani. "Makokha," akasema, "nani amekuuliza? Wewe tengeneza polepole."

Nikatengeneza polepole. Tulicheza drafti mpaka nyani wakanyamaza. Alinishinda, na nikaandika kwenye fomu: imerekebishwa. Nilidhani nimeelewa somo lile.

Nilipostaafu nilipewa saa ya ukutani na hotuba. Mwaka huohuo mke wangu, Mama Nekesa, akafariki. Nekesa yuko Qatar, mdogo wake yuko Nairobi, na wote ni watoto wazuri: hutuma pesa, hupiga simu sikukuu. Siku nyingine simu yangu hulia kwa ujumbe wa bahati nasibu, na wakati mwingine nausoma hadi mwisho. Nyumba yangu iko Lurambi. Ina vyumba vitatu, na vyote ninavifagia mwenyewe. Nilipoona ninaanza kusalimiana na saa ile, nikachora kibao: Fundi wa Kompyuta, Anakuja Nyumbani.

Ndivyo nilivyompata Mwalimu Rasoa wa Navakholo, mwalimu mkuu mstaafu, mjane. Kompyuta yake anaitumia kuchapa mambo ya akina mama wa kanisa. Mara ya kwanza ubaya ulikuwa wa kweli. Radi ya alasiri ilikuwa imepiga, ikaunguza pawa saplai, lile sanduku la ndani linalogawa umeme. Niliweka jingine. Kisha tukaingia kwenye bei.

"Sanduku ni elfu moja mia tano," nikasema. "Kazi ni mia nane."

"Kazi gani ya mia nane? Nimekaa hapa nikikuangalia. Umefungua skrubu nne, ukafunga skrubu nne."

"Nimezihesabu mara mbili, Mwalimu. Hapo ndipo pesa ilipo."

"Mia tatu."

"Mia saba na chai."

"Chai umeshakunywa, Fundi. Vikombe viwili. Nikikata bei yake, mimi ndiye nitakudai chenji."

Tulimalizia mia nne. Nimebishana bei na wachuuzi wa Soko la Kakamega, na wenye magari ya mkaa, na Mkuu wa Idara mwenyewe; sijawahi kukutana na mtu kama yule. Niliporudi nyumbani, nikiwa nyuma ya boda boda, nilijikuta nikicheka peke yangu.

Mara ya pili, waya ulikuwa umelegea ukutani. Mara ya tatu, swichi ya nyuma ilikuwa imezimwa. Mniamini: swichi ile haizimiki yenyewe. Meza ya kompyuta ni ya mti mgumu na imegusa ukuta. Mtu akitaka kuifikia swichi lazima aivute. Kwenye sakafu ya saruji nyekundu niliona mikwaruzo miwili mipya ya miguu ya meza.

"Umeme wa siku hizi una fujo," nikasema.

"Hata mimi nilifikiri ni hiyo," akajibu, akitazama dirishani.

Bei ya siku ile ilichukua saa nzima. Nilianza na mia nane, kama kawaida. Tulifika mia mbili.

Mara ya nne alipiga simu Alhamisi. "Imekataa tena, Fundi."

"Imekataa namna gani?"

"Imekataa tu. Njoo Jumamosi mchana."

Nilifika na begi langu. Nikavuta meza, nikabonyeza swichi, ikawaka. Kazi haikuchukua hata dakika. Hapo tayari nilikuwa nimekosea, ila sikujua. Jikoni kulikuwa na harufu ya ingokho, na kuku wa kienyeji si kitu cha kuiva ghafla. Huyu alikuwa amechinjwa alfajiri. Akaleta obusuma, ugali wa kwetu, ikiwa ya moto, na kunde, na sahani yangu. Juu ya sahani, peke yake, ilikuwa firigisi.

Kwa msomaji asiye wa kwetu: firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mgeni hupewa paja. Askofu akija hupewa paja na anashukuru. Tangu mume wa Mwalimu azikwe, sijui firigisi za kuku wa nyumba ile zilikuwa zikienda wapi, wala si swali la kuuliza.

"Kula, Baba Nekesa," akasema. "Itapoa."

Hakuwahi kuniita hivyo. Siku zote nilikuwa Fundi.

Nikala. Ilikuwa laini, na chumvi yake ilikuwa sawa. Mvua ikaanza kwenye mabati. Akauliza, "Hiyo kompyuta yako kule nyumbani, huwakanga vizuri?"

"Inawaka."

"Na wewe mwenyewe?"

Nikamwambia nauli ya kutoka Lurambi imepanda.

Mikono yangu haikujua pa kukaa, kwa hiyo ikafanya inachokijua: ikafunga begi. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Basi leo ni mia nane, Mwalimu."

Mia nane ilikuwa bei ya kufungulia. Kila mwuzaji anajua bei ya kufungulia si bei. Nilikuwa nikimngoja aseme "Kazi gani ya mia nane?", aseme nimebonyeza kitu kimoja tu, aseme nimekula kuku mzima, tukae pale tukibishana mpaka mvua iishe na giza liingie. Badala yake akaenda chumbani, akarudi na noti tatu, akaziweka kando ya sahani.

"Asante, Fundi," akasema.

Tangu siku hiyo kompyuta yake haijaharibika. Mvua za radi zimekuja zikaenda. Yangu nayo inawaka vizuri. Nimeijaribu mara mbili. Noti ziko kwenye kikombe, juu ya kabati, na sijazivunja. Nikizituma kwa simu zitafika na jina langu na kiasi tu, kama deni lililolipwa, na hilo litakuwa baya kuliko kukaa nazo. Nikizipeleka mkononi, lazima niseme ni za nini.

Jana nilikwenda sokoni nikanunua mtetea. Mama aliyemuuza alisema elfu moja mia mbili. Nikampa elfu moja mia mbili. Alinitazama sana, akamgeuza kuku yule mara mbili kuona ana kasoro gani.

Sasa yuko jikoni, amefungwa mguu. Ninyi mnaojua kukaa na watu, nishaurini. Jumamosi nimpeleke Navakholo bila kuitwa, au nipige simu kwanza? Nikipiga, nianzie wapi? Jibuni upesi, kwa sababu amekwisha kula mahindi ya wiki nzima, na leo asubuhi, kabla ya kuisalimia saa, nilimsalimia yeye.