Mkuu wa Zamu: Kutoka Talatala Hadi Mto Rhine

Usharika wetu wa Talatala, wilayani Kyela, una udugu na usharika mmoja wa Kehl, mji wa Ujerumani ulio kando ya mto Rhine. Safari hii walituomba mjumbe, nikachaguliwa mimi. Lakini nilikuwa na swali langu la pembeni. Mimi ni katibu wa ulinzi wa kijiji, na msimu wa kakao ulikuwa unakaribia. Wezi huchuma kwetu wakavukia kijiji cha ng'ambo ya mto, au huchuma kule wakakimbilia kwetu. Vijiji viwili tumeshindwa kuwa na ulinzi mmoja, maana kila upande unataka mkuu atoke kwake. Nilikuwa nimesoma kwamba Wafaransa na Wajerumani, waliouana katika vita kubwa zaidi ya moja, leo wana kikosi kimoja cha jeshi. Nilitaka kujua nani anamwamuru nani.

Stendi ya Kyela, asubuhi ya kuondoka, nilimkuta Ambakisye, mkuu wa ulinzi wa ng'ambo, akinunua betri za tochi.

"Katibu, naona unakwenda kutuletea Wazungu wa kukamata wezi."

"Nakwenda kujifunza."

"Basi jifunze na kuvuka mto. Watu wako mwizi akivuka, wao husimama ukingoni wakapiga hodi."

Abiria walicheka, na haki walikuwa nayo. Kwetu huingii katika eneo la mtu bila kumwamkia mwenyewe, na salamu za Kinyakyusa haziishi kwa neno moja. Msimu uliopita vijana wetu walimkimbiza mwizi hadi mtoni, wakasimama kumwita Ambakisye. Alipofika, wakaulizana habari za nyumbani, za ng'ombe na za mvua. Walipomaliza, mwizi hakuonekana tena.

"Na watu wako wakija kwetu hufanya vilevile," nilimwambia.

"Kwetu sisi hiyo ni adabu," akajibu. Basi likaondoka.

Tukuyu kulikuwa na ukungu, na abiria walifunga madirisha. Kutoka Mbeya nilipanda ndege hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo nyingine hadi Frankfurt. Treni ya kwenda Kehl ilipita katikati ya mashamba ya mahindi yaliyokwisha kukauka, na hilo lilinituliza. Mahindi nayajua.

Kehl nilipokewa na Dieter, mzee mrefu aliyestaafu jeshini akiwa sajini. Alikuwa ametumikia kikosi kile cha pamoja, nami sikujua hilo mpaka nilipoona picha ukutani kwake. Nilipomweleza swali langu, kwa Kiingereza nilichojifunza redioni, alimpigia simu Luc, Mfaransa aliyetumikia pamoja naye, anayekaa Strasbourg, ng'ambo ya mto.

Siku iliyofuata tulivuka Rhine kwa miguu, juu ya daraja la waendao kwa miguu. Hakuna aliyetusimamisha. Luc alitungoja upande wa Ufaransa, mkono mmoja mfukoni.

"Umechelewa," alimwambia Dieter.

"Nimemleta mgeni. Wewe umeleta njaa tu."

Tulikaa mkahawani nami nikauliza: mkuu wa kikosi hutoka wapi?

"Kwa zamu," akasema Luc. "Akiwa Mfaransa, msaidizi wake ni Mjerumani. Halafu wanageuza."

"Nani alianza?"

"Mfaransa," Dieter akasema, bila furaha nyingi.

"Mliona vipi?"

"Vibaya. Baba yangu aliniuliza kama nimesahau sisi ni nani. Lakini nilipompigia saluti yule Mfaransa nilijua zamu yake ina mwisho, na naye alijua. Hilo humfanya mtu achunge ulimi."

"Hakuuchunga sana," Luc akasema. "Alikuwa akiwakemea kwa chakula chenu."

Wasomaji wasidhani kila tofauti yao imekwisha. Mkataba wa urafiki upo, na mawaziri wao hukutana mara kwa mara; lakini kupeleka askari vitani bado kila nchi huamua yenyewe, na wanabishana hata juu ya ndege ya kivita wanayotaka kuiunda pamoja. Niliwauliza kama mabishano hayo hayawavunji moyo.

"Tukibishana juu ya ndege," alisema Luc, "tunakuwa tumekaa meza moja."

Nilirudi Kyela msimu ukiwa umeanza. Mkutano wa vijiji viwili ulifanyika karibu na kivuko, na nikapendekeza ulinzi mmoja, kila kundi la doria liwe na watu wa pande zote, ili asiwepo wa kupiga hodi. Kisha nikataja mkuu wa kwanza: Ambakisye, hadi mwisho wa msimu huu. Watu wangu walinung'unika.

"Umekwenda Ulaya kutuuza?" mmoja akauliza.

"Msimu ujao ni zamu yetu," nilisema. "Yeye atakuwa msaidizi."

Ambakisye akauliza: "Na sasa msaidizi wangu ni nani?"

"Mimi."

"Ndaga fijo, Katibu." Ni asante kubwa ya kwetu, na safari hii hakukuwa na kicheko ndani yake.

Jioni ya kwanza alitupanga. Mimi aliniweka kwenye shamba la kakao lake mwenyewe. Nilimuuliza langu atalinda nani.

"Nitalilinda mimi."

Nilichojifunza ni kwamba amri ya mtu wa ng'ambo inabebeka ikiwa ina mwisho, na ikiwa naye ana cha kupoteza upande wako. Jioni ile sikufikiria hayo yote. Nilisema, "Sawa, mkuu," nikavuka mto.