Kuchagua Uwanja kwa Baba Zuena

Watu wa jiji hili wakiniona na fimbo za gofu begani hudhani nimeziokota. Rafiki yangu Othmani naye walidhani anaziuza, kwa kuwa maisha yake yote aliuza khanga na vitenge. Hakuna aliyefikiria kwamba wazee wawili wa Mbeya, Mnyakyusa wa Iyunga na Mswahili mwenye asili ya Tanga, wanacheza kwa kupenda tu.

Tulijifunza ujanani, kwenye uwanja wa mji uliokuwa wazi kwa yeyote. Siku hizi pale pana maghorofa na mbwa wakali. Tangu hapo kila Jumamosi tulijichagulia uwanja, maana Ijumaa ilikuwa yake na Jumapili yangu. Ilomba tulipata kiwanja cha mpira, tukakipenda, mpaka vijana wa mazoezi wakatutimua. Mwaka mmoja tulifuata vitunguu Ruaha Mbuyuni tukajaribu kucheza nyuma ya mashamba. Joto nusura lituue, na mama mwenye shamba akatuuliza kama nyumbani wanajua tuliko. Othmani hakujali nyasi wala jina. Uwanja mzuri, alisema, ni ule ambao ukirudi nyumbani utausimulia.

Mwisho tukatulia kwenye malisho ya shemeji yangu Anania, hapa hapa Iyunga. Tulitengeneza duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, kama yale ya uwanja wetu wa zamani, katikati tukafukia kopo la maziwa liwe shimo. Mpira ukiingia, kopo linalia: ko! Pembeni tuliweka ubao wa kusawazishia mchanga. Ukimaliza kupiga unafuta mstari ulioachwa na mpira wako, mwenzako asije akaufuata. Kwa hilo Othmani hakuwa na utani.

"Futa, Baba Gloria!" alikuwa akinifokea. "Kila mtu atafute njia yake."

Kisha ikaja presha ya macho. Daktari alimwambia kilichokwenda hakirudi. Akabaki kuona mwanga na vivuli, na mwezi wa nne binti yake Zuena akapiga simu kwamba anakuja kumchukua, wakaishi wote Tanga. Nilikasirika sana. Tanga kuna nini? Kuna mtoto wake, nikajijibu.

"Jumamosi ya mwisho chagua wewe," Othmani akaniambia. "Nataka mchezo mmoja mzuri, niondoke nao."

Mimi nilitaka uwanja wa Mufindi, kule Iringa, katikati ya mashamba ya chai, ambako nyasi zimekatwa kama kichwa cha mwanafunzi. Niliomba ruhusa, nikaazima na gari. Halafu nikakaa sebuleni nimefumba macho, nikajaribu kuwaza yeye atapata nini kule. Sikuona kitu. Nyasi hazina sauti. Nikamrudishia mwenye gari ufunguo wake.

Tukaenda Iyunga. Nilimshika mkono mpaka kwenye duara, nikapiga mimi kwanza. Ko! Sikufuta. Mstari wa mpira wangu ulibaki kwenye mchanga, umenyooka hadi kwenye kopo, nami nikamweka Othmani mwanzoni mwake. Akainama, akapapasa mchanga kwa vidole kama alivyokuwa akipapasa vitambaa dukani. Vidole vikasimama.

"Baba Gloria, hujafuta."

"Sijafuta, shehe."

"Kwa nini?"

"Gwe, piga tu mpira!"

Hakupiga. Aliomba ubao, akapiga magoti, akafuta mwenyewe taratibu, huku akiniuliza kama mchanga umelala vizuri. Nikamwambia umelala. Machozi yalikuwa yakinitoka, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba haoni.

Mpira wa kwanza ukapita mbali. Wa pili nao ukapita. Nikagonga kopo kwa fimbo, asikie lilipo.

"Hiyo ruksa," akasema. Akasogeza miguu, akatega sikio, akapiga.

Ko!

Alicheka mpaka akakaa chini kwenye oili na kanzu yake nyeupe. "Huu sasa nitausimulia," akasema. "Watanikimbia huko Tanga."

Nilichukua ubao nifute mstari wake, maana ndiyo desturi. Nikaurudisha ulipokuwa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda peke yangu. Mvua ilikuwa imeshafuta kila kitu. Nilisimama pale, mtu mzima na wajukuu zangu, nikaitukana mvua.